Ukilinganisha na nini? Swali linalobeba somo zima la utafiti kwenye saikolojia

Ukikaa Dodoma muda wa kutosha lazima utasikia tu kwamba mwezi ukiwa mpevu wagonjwa wa akili wanachachamaa. Anasema bodaboda, anasema muuza duka, na wakati mwingine hata mtu aliyesoma vizuri kabisa anakwambia kama huamini nenda kaulize pale Mirembe. Na kwa vile hospitali ya taifa ya afya ya akili iko hapahapa mjini kwetu, maneno hayo yanapata uzito, yanasikika kama yametoka kwa mtu aliyeshuhudia. Nataka tulichukue dai hilo tulifungue taratibu. Ndani yake kuna karibu kila kitu anachofundishwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa saikolojia kuhusu kufikiri kwa kina na mbinu za utafiti, alafu anakikariri, anakijibia mtihani, na maisha yanaendelea kama vile hakuwahi kukisoma.

Swali lenyewe ni fupi: ukilinganisha na nini?

Mtu anayesema mwezi mpevu unawachachamaza wagonjwa ukimuuliza amejuaje atakwambia alishaona, kuna usiku fulani mwezi unawaka, jirani yake akaanza kupiga kelele mpaka wakamkimbiza hospitali. Sawa, hilo lilitokea na hatumkatalii. Ila hiyo ni aina moja tu ya usiku kati ya aina nne. Kuna usiku wenye mwezi mpevu na fujo, kuna usiku wenye mwezi mpevu na hamna fujo yoyote, kuna usiku usio na mwezi mpevu lakini fujo ipo, na kuna usiku usio na mwezi mpevu na umetulia kabisa. Sasa tutunge namba ili tuelewane, hizi sio data za mahali popote, nazitunga hapahapa. Tuseme umekaa na daftari siku 120, na umeamua kwamba usiku wa mwezi mpevu ni siku 3 kila mwezi, kwahiyo kwa miezi minne una siku 12 za mwezi mpevu na 108 za kawaida. Katika zile 12, siku 4 zilikuwa na fujo. Mtu akisikia hiyo anasema si unaona, mara nne nzima! Lakini angalia upande wa pili, katika zile siku 108 za kawaida fujo ilitokea siku 36. Nne kwa kumi na mbili ni theluthi moja, thelathini na sita kwa mia na nane ni theluthi moja vilevile. Yaani mwezi haujaongeza kitu hata kidogo, na bado yule mtu ana visa vinne vya kweli kabisa anavyoweza kukuapia.

Hapa ndo pagumu na ndo maana nimepakawiza. Yule mtu hajadanganya. Kila alichosema kilitokea. Tatizo ni kwamba zile aina nne za usiku ukizichora kama visanduku vinne, kumbukumbu ya binadamu inashika kile kisanduku cha kwanza, mwezi na fujo pamoja, kwa sababu kina kisa, kina kelele, kina cha kusimulia asubuhi. Usiku wa mwezi mpevu ambao watu walilala salama hauna msimuliaji. Hamna mtu anayeamka akasema jana mwezi uliwaka na hakikutokea kitu. Kwahiyo visanduku vitatu vinapotea vyenyewe, hakuna hata aliyevificha, na kinachobaki kinaonekana kama ushahidi. Wanasaikolojia wameshalichunguza dai hili la mwezi kwa upana, mwaka 1985 James Rotton na Ivan Kelly walikusanya pamoja tafiti 37 zilizokuwa zimeangalia mwezi na tabia za watu, ikiwemo kulazwa hospitali za akili, na wakakuta mwezi hauelezi chochote cha maana. Na mimi linaniuma kidogo hili dai kuliko wengine labda, maana mgonjwa anayeambiwa ugonjwa wake ni wa mwezi anacheleweshwa dawa, ndugu wanasubiri mwezi upite.

Mwanasaikolojia Peter Wason alikuwa na zoezi moja London mwaka 1960 ambalo unaweza kulifanya leo na mtu yeyote pale nyumbani. Unamwambia nina kanuni kichwani inayopanga namba tatu, na 2, 4, 6 zinafuata kanuni hiyo, we nitajie namba nyingine tatu tatu nitakwambia zinafuata au hazifuati, ukiwa na uhakika nitajie kanuni. Wengi wanasema 8, 10, 12, unawaambia ndio inafuata. Wanasema 20, 22, 24, ndio. Wanakuja juu kwa kujiamini kabisa, kanuni ni kuongeza mbili mbili! Hapana. Kanuni ilikuwa ni namba zinazopanda tu, hata 1, 7, 300 ingefuata. Katika watu 29 wa Wason waliotaja kanuni sahihi kwa mara ya kwanza walikuwa 6 tu. Wengine wengi waliuliza zaidi maswali ambayo jibu lake walishalitegemea liwe ndio, wachache walijaribu kwa makusudi kuibomoa kanuni yao wenyewe, mfano kwa kutaja 3, 2, 1 au 5, 6, 90. Kufikiri kwa kina kwenye saikolojia ni hiyo kazi ya kutafuta namba itakayokukatalia, na haiji yenyewe, hata kwa maprofesa haiji yenyewe, inabidi iwekewe utaratibu. Huo utaratibu ndo unaitwa mbinu za utafiti.

Turudi kwenye daftari letu la siku 120. Nani analiandika? Kama ni nesi wa zamu na yeye anaamini habari za mwezi, basi usiku mwezi ukiwaka atakuwa macho zaidi, mgonjwa akiinuka kwenda chooni mara mbili ataandika "ametaabika usiku", na siku nyingine mgonjwa huyohuyo akifanya hivyohivyo haandiki kitu. Matarajio yanaingia kwenye data bila mtu kuiba chochote. Kuna kisa cha farasi wa Berlin mwanzoni mwa karne iliyopita, aliitwa Hans, mwenye farasi alikuwa mwalimu mstaafu Wilhelm von Osten, na farasi huyo alikuwa anajibu hesabu kwa kugonga kwato chini, unamuuliza 3 jumlisha 4 anagonga mara saba anaacha. Tume ya wataalamu ikaja 1904 kuangalia kama kuna ujanja, hawakuona, na kweli von Osten hakuwa mjanja, aliamini farasi wake anajua hesabu. Akaja Oskar Pfungst akafanya kitu rahisi sana, akapanga maswali ambayo muulizaji mwenyewe hajui jibu. Hans akashindwa. Ikaonekana kwamba farasi alikuwa anasoma mwili wa muulizaji, yule mtu anakaza shingo akisubiri, kwato ikifika namba sahihi analegea kidogo sana bila kujijua, farasi anaacha. Pfungst alichapisha kazi hiyo 1907 na mpaka leo tunaitumia kueleza kwanini anayepima hatakiwi kujua jibu linalotegemewa. Kwahiyo daftari letu liandikwe na mtu ambaye hajaambiwa utafiti unahusu mwezi, na tarehe za mwezi ziongezwe baadaye na mtu mwingine.

Sasa tuseme umelinganisha vizuri na umekuta vitu viwili kweli vinakwenda pamoja. Bado. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba inaisha Aprili, na ndo wakati mlenda mbichi unajaa sokoni Majengo na Sabasaba, kila nyumba wanakula, kiangazi wanarudi kwenye ule mkavu. Wakati huohuo wa mvua na baada yake mbu wanazaliana na homa ya malaria inapanda. Ukichora mlenda mbichi kwa mwezi na malaria kwa mwezi mistari itapanda pamoja na kushuka pamoja, na hamna mtu mwenye akili timamu atakayesema mlenda mbichi unaleta malaria, kwa sababu wote tunaiona mvua pale katikati. Shida inaanza pale ambapo mvua haionekani. Tunasoma kwamba vijana wanaoshinda kwenye simu wana huzuni zaidi, alafu moja kwa moja tunasema simu zinaleta huzuni. Inawezekana. Inawezekana pia kijana mwenye huzuni ndo anakimbilia simu, yaani mshale umegeuka. Inawezekana kuna kitu cha tatu, nyumba yenye ugomvi kila siku inamfanya kijana awe na huzuni na inamfanya ajifungie chumbani na simu. Data ya kwamba vinakwenda pamoja haiwezi kuchagua kati ya hizo tatu, hata iwe ya watu laki moja. Wingi wa watu hautibu tatizo la mshale.

Kinachochagua ni jaribio, na moyo wa jaribio ni kura. Hapa naomba wadogo zangu wa mwaka wa kwanza wasome polepole maana kila mwaka watu wanaanguka palepale.

Chukua twisheni. Wazazi wengi wanasema watoto wa twisheni wanafaulu zaidi. Ukilinganisha waliokwenda na wasiokwenda unaweza kukuta tofauti kubwa tu, ila watoto wa twisheni ni nani? Ni wale ambao mzazi ana hela ya kulipa, mara nyingi ana kiti na meza na taa nyumbani, anafuatilia daftari, na mtoto mwenyewe pengine anapenda shule. Toa twisheni, watoto hao bado wangewazidi wenzao. Wengine wamepelekwa kwa sababu wanafeli, na hao wanavuta wastani upande wa pili, twisheni inaonekana haina maana kumbe imewasaidia. Sasa fanya hivi: una wanafunzi 80 wa kidato cha pili ambao wazazi wao wote wamekubali. Usiwachague mwenyewe, usiseme hawa wa mbele hawa wa nyuma, usiache wajiunge wenyewe. Andika majina kwenye vikaratasi, changanya, vuta 40, hao waende twisheni. Wale 40 wengine usiwaache wazurure, wape muda uleule mchana uleule na kitu kingine, labda kujisomea bila mwalimu, la sivyo hutajua kilichosaidia ni kufundishwa au ni kule kukaa tu na daftari masaa mawili. Baada ya muhula wape mtihani mmoja, usahihishwe na mwalimu asiyejua nani alikuwa wapi. Kura inafanya kazi gani pale? Inagawanya wenye hela na wasio na hela pande zote mbili, wavivu na wenye bidii pande zote mbili, wanaokunywa chai asubuhi na wasiokunywa, na hata yale mambo ambayo hukuwahi kuyawaza. Hiyo ndo nguvu yake, haihitaji wewe ujue ni kitu gani kingeharibu. Haigawanyi sawasawa kabisa, ukiwa na watoto kumi inaweza ikaegemea, ndo maana namba ya watu ina maana na ndo maana takwimu zinakuja kukuambia tofauti uliyoiona ingeweza kuja kwa bahati ya kura peke yake au la.

Na hapo kuna kura mbili ambazo watu wanazichanganya mpaka basi. Kura ya kupata watu wa kuingia kwenye utafiti, hiyo ni ya sampuli, inakusaidia kusema matokeo yanawahusu na wengine ambao hukuwafikia. Kura ya kuwagawa waliokwisha kuingia, hiyo ni ya jaribio, inakusaidia kusema hiki kimesababisha kile. Unaweza ukawa na moja bila nyingine. Wale 80 wa shule moja ya Nkuhungu umewagawa vizuri kwa kura, sababu unaijua, ila huwezi kusema habari za watoto wa Kongwa au Mpwapwa.

Hiyo habari ya sampuli ni donda la saikolojia nzima duniani. Jeffrey Arnett mwaka 2008 alipitia majarida makubwa ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani akakuta asilimia 68 ya watafitiwa ni wa Marekani na asilimia 96 ni wa nchi za Magharibi zenye viwanda, nchi ambazo zina kama asilimia 12 ya watu wa dunia. Na wengi wao, hasa kwenye saikolojia ya jamii, ni wanafunzi wa chuo wa kozi za saikolojia, wanaopewa maksi kidogo kwa kushiriki. Alafu kitabu kinaandika "binadamu anaona hivi, binadamu anakumbuka hivi". Kuna ile picha ya mistari miwili iliyo sawa kwa urefu, mmoja mwishoni una vichwa vya mshale vinavyoingia ndani na mwingine vimefunguka nje, na ule wa kufunguka unaonekana mrefu. Marshall Segall na wenzake walizunguka nayo kwenye jamii nyingi wakachapisha 1966, Wamarekani wa Evanston walidanganyika sana na Wasan wa Kalahari karibu hawakudanganyika kabisa. Kitu ambacho ungeapa ni cha macho tu, cha kila mtu. Kwahiyo mwanafunzi wa hapa anaposoma nadharia ana haki kabisa ya kuuliza ilipimwa kwa nani, na akiuliza hapotezi muda wa darasa.

Alafu kuna kupima kwenyewe. Hapa naongelea dodoso, maana tafiti nyingi za wanafunzi wa Dodoma zinaishia kwenye dodoso na kishikwambi. Mdadisi anashuka kijijini, tuseme Bahi au Chamwino, ni kijana, ametoka mjini, amekuja na gari, amepitia kwa mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji anamsindikiza. Wanakaa chini ya mti kwa mama mmoja wa makamo. Kijana anamwamkia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, wanapeana habari za safari na mvua. Swali la kwanza, "Kwa kiwango gani unakubaliana na kauli hii: mtoto hapaswi kupigwa. Nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa." Mama anamwangalia. Anajibu kwa kisa, anaeleza mjukuu wake alivyopoteza mbuzi. Kijana anarudia, nakubali sana au nakubali? Mama anajua huyu mgeni ni wa serikali au wa mradi, mwenyekiti yuko pale, na mgeni hakatazwi kitu, anasema ndio mwanangu, nakubali. Kijana anabofya "nakubali". Ukija mwisho wa siku una watu 200 wanaokubali kwamba mtoto asipigwe, alafu jioni unasikia fimbo nyumba ya jirani.

Data hiyo sio ya uongo na mama hakudanganya, amefanya alichofundishwa maisha yake yote kuhusu mgeni. Ila haikupima ulichotaka kupima. Kwenye somo kuna vitu viwili, kuna kipimo kutoa jibu lilelile kila ukirudia, na kuna kipimo kupima kile kinachodaiwa kupimwa. Mizani ya sokoni iliyoharibika inaweza kuzidisha gramu mia kila siku bila kukosea, ni thabiti kabisa na bado inamuumiza mnunuzi. Dodoso letu liko hivyo, ukirudi wiki ijayo mama atasema nakubali tena. Dawa yake ni kazi ya kabla, sio ya baada: kulijaribu dodoso kwa watu wachache na kuwauliza wamelielewaje, kuongea na mama bila mwenyekiti kuwepo, kuwa na mdadisi anayejua Kigogo au Kirangi mahali Kiswahili ni lugha ya pili, kuweka kauli zinazopingana ili anayekubali kila kitu aonekane, kuuliza "wiki iliyopita ilitokea nini mtoto alipokosea" badala ya kuuliza msimamo. Na kuangalia kwa macho pale inapowezekana, bila kuingilia.

Kupika data ni kitu kingine na nakitaja kwa sababu kipo. Mtu anakaa chini ya mti anajijazia madodoso arobaini kwa kalamu tatu za rangi tofauti. Anadhani anajisaidia, kumbe anaweka uongo mahali ambapo mtu mwingine atakuja kujenga. Na sio wanafunzi peke yao, Uholanzi mwaka 2011 profesa wa saikolojia ya jamii Diederik Stapel aligundulika amekuwa akitunga data kwa miaka, makala zaidi ya 50 zikaondolewa. Waliomshtukia walikuwa watafiti wadogo waliokuwa chini yake, vijana walioona namba zimekaa vizuri kupita kiasi.

Kisa hicho na vingine vilisukuma watu kufanya kitu ambacho kingetakiwa kuwa kawaida, kurudia tafiti za wenzao. Mwaka 2015 kundi kubwa lililoongozwa na Brian Nosek lilirudia tafiti 100 za saikolojia zilizokwisha kuchapishwa, katika zile za awali asilimia 97 zilidai matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelezeka kirahisi kwa bahati tu, katika marudio ni asilimia 36. Kuna watu walisoma hiyo wakasema basi saikolojia ni uongo mtupu. Mi naiona tofauti, ni taaluma gani nyingine imejikagua hadharani hivyo? Tangu hapo watafiti wengi wanasajili nadharia tete yao, yaani kile wanachotegemea kukikuta, kabla ya kukusanya data, ili mtu asije akapiga mshale kwanza alafu akachora duara palepale ulipodondoka.

Nimeacha mwisho swali gumu zaidi, kwa sababu kuna mambo makubwa ambayo kura huwezi kuipiga. Viboko ni mojawapo. Kila ukigusa mada hiyo mtu anakujibu: mimi nilichapwa na leo niko hapa nimefanikiwa. Ukilinganisha na nani? Na wewe yule ambaye hukuchapwa, na huyo hayupo. Unajilinganisha na jirani? Naye alichapwa. Tobias Hecker na wenzake walichapisha mwaka 2014 utafiti waliofanya kwa watoto zaidi ya 400 wa shule ya msingi Tanzania, na karibu wote walishawahi kuchapwa. Mahali ambapo karibu kila mtu amechapwa, waliofanikiwa wamechapwa na walioharibikiwa wamechapwa, kwahiyo kuchapwa kwenyewe hakuwezi kueleza kwanini huyu kafika na yule hakufika, ni kama kusema nimefanikiwa kwa sababu nilikunywa maji utotoni. Na hakuna kamati ya maadili duniani itakayokuruhusu kuvuta vikaratasi, watoto hawa wachapwe hawa wasichapwe.

Unafanyaje sasa? Njia ya kwanza unalinganisha viwango, waliochapwa sana na waliochapwa kidogo, hivyo ndo walivyofanya kina Hecker na wakakuta ukali wa adhabu unakwenda pamoja na matatizo ya tabia. Lakini si tulisema kwenda pamoja hakutoshi? Hakutoshi, labda mtoto mtundu ndo anachapwa zaidi. Ndo maana kuna wanaofuata watoto kwa miaka, wanapima utundu kwanza, wanapima viboko, wanapima utundu tena baadaye, ili waone kipi kilitangulia. Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor mwaka 2016 walikusanya tafiti 75 zenye watoto zaidi ya laki moja na nusu kuhusu kuchapwa na wazazi, wakaona kunaendana na ukorofi zaidi na matatizo ya akili zaidi, hamna faida waliyoiona ikijitokeza. Hakuna utafiti mmoja hapo unaobeba mzigo peke yake, kila mmoja una tundu lake, ila matundu hayako mahali pamoja.

Njia ya pili ndo ninayoipenda, maana imefanyika hapahapa nchini. Kuchapwa huwezi kukipigia kura, lakini mafunzo ya walimu unaweza. Mtafiti wa Kitanzania Mabula Nkuba na wenzake walichukua shule za sekondari za serikali, wakazigawa kwa kura, walimu wa shule za upande mmoja wakapewa mafunzo ya namna ya kuongoza wanafunzi bila fimbo na matusi, za upande mwingine zikaendelea kama kawaida, na baada ya miezi kadhaa wakapima pande zote. Walichapisha 2018, ukatili kwenye shule zilizopata mafunzo ulikuwa umepungua kuliko kwenye zile nyingine. Msomaji makini hapo anashtuka, mwalimu aliyetoka kwenye semina ya kutopiga anajua kabisa jibu gani la kutoa kwenye dodoso, ni yule mama wa chini ya mti tena, sasa amevaa suti. Kina Nkuba waliliona hilo mapema. Hawakuwauliza walimu tu, waliwauliza na wanafunzi, na wanafunzi walisema hivyohivyo.